Maswali ya Wasomaji: Kabla Hujambadilishia Mwenzako Mfumo wa Kompyuta

Barua nyingi zilizoifikia safu hii safari hii zinahusu jambo moja, nalo ni namna ya kuwafanya watumiaji wa kawaida wa kompyuta wahamie kwenye Linux, yaani mfumo endeshi huria ambao kila mtu ana ruhusa ya kuutumia, kuuchunguza, kuubadilisha na kuwagawia wengine. Baadhi zimeandikwa na wanaoupenda mfumo huo na kutamani kuwavuta wenzao. Nyingine zimetoka kwa wanaovutwa, ambao hawajui kama waridhie. Nimezifupisha na kuchagua zile ambazo majibu yake yanaweza kuwafaa wengi.

Swali: Shikamoo Mshauri. Natumia Linux kwa miaka kadhaa sasa na sijawahi kuijutia. Nimewashawishi ndugu na wafanyakazi wenzangu, na wengine nimewasakinishia mwenyewe bila kuwadai chochote. Karibu wote husifu siku ya kwanza, kisha baada ya majuma machache wananiomba niwarudishie Windows. Nakosea wapi?
*Msomaji anayekaribia kukata tamaa*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kwanza nikupongeze, kwa sababu anayetoa muda wake kumhudumia mwenzake bila malipo anafanya hisani kubwa, na nisingependa uache. Naona tatizo liko kwenye mpangilio wa hatua zako. Wewe unaanza na mfumo endeshi, ilhali mtumiaji wa kawaida hana habari na mfumo endeshi; yeye anajua kivinjari chake, barua pepe zake, programu anayoandikia barua za kazi, printa, na folda ya picha. Ukimbadilishia mfumo kwa siku moja, vyote hivyo vinabadilika kwa mkupuo, na anajikuta akijifunza mambo kumi mapya asubuhi ileile anayotakiwa kukabidhi ripoti. Akikwama mara tatu atauhukumu mfumo mzima, hata kama kilichomkwamisha ni kitu kidogo.

Tazama walivyofanya Gendarmerie ya Ufaransa, kikosi cha usalama chenye makumi ya maelfu ya kompyuta. Mwaka 2005 walianza kwa kuhamia OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi, wakiwa bado ndani ya Windows. Mwaka 2006 wakafuatia Firefox kwa ajili ya kuvinjari na Thunderbird kwa barua pepe. Walipoanza kuhamia Ubuntu, mojawapo ya aina za Linux, mwaka 2008, askari aliyeketi mbele ya kompyuta alizikuta programu zilezile alizokwisha kuzizoea, na mageni kwake yakawa machache. Mpango huo haujafa. Toleo lao la Ubuntu linaitwa GendBuntu, na bado linatumika. Nawe fuata njia hiyohiyo kwa kiwango chako. Mwekee mwenzako LibreOffice, ambayo ni ya kazi za ofisi kama OpenOffice, Firefox, Thunderbird na VLC ya kutazama video, kwenye Windows yake, kisha umwache nazo miezi miwili au mitatu. Zote hazina malipo, na zote zinapatikana pia kwenye Linux. Kama LibreOffice imemshinda, utakuwa umejua mapema kwamba wakati wake haujafika, na hakuna kitakachokuwa kimeharibika.

Hata kabla ya hapo, omba ukae pembeni yake anapofanya kazi zake za kila siku, nawe usiguse chochote. Andika kila anachokifungua. Utagundua mambo ambayo asingekutajia hata ungemuuliza, kwa kuwa kwake ni ya kawaida mno: kwamba ana programu ya uhasibu inayofunguka kwenye Windows pekee, kwamba skana yake inategemea programu iliyokuja nayo ndani ya boksi, kwamba wasifu wake wa kuombea kazi umeandikwa kwa fonti ya Calibri. Chukua hilo la mwisho. Calibri ni mali ya Microsoft na kwa kawaida haimo kwenye Linux, hivyo wasifu uliojaa kurasa mbili barabara unaweza kufunguka ukiwa na mistari mitatu iliyodondokea ukurasa wa tatu, na mwenyewe akaamini kwamba LibreOffice inaharibu nyaraka. Dawa yake ni fonti iitwayo Carlito, ambayo herufi zake zimetengenezwa kwa upana uleule wa herufi za Calibri. Ikiwemo, mistari hubaki mahali pake. Hakikisha ipo kabla hujamkabidhi mtu kompyuta. Kwa anayejua ni kazi ya dakika mbili, na kwa asiyejua ni sababu tosha ya kurudi alikotoka.

Jambo jingine la siku ya kwanza ni namna ya kupata programu mpya. Mtumiaji wa Windows amezoea kwenda kwenye tovuti, kupakua faili lenye mwisho wa .exe na kulibofya mara mbili. Akifanya hivyo kwenye Linux, ama hakitokei kitu, ama linafunguka dirisha lenye orodha ya mafaili asiyoyaelewa. Mwonyeshe Meneja wa Programu, yaani sehemu ya Linux ambamo programu hutafutwa na kusakinishwa, kwa vitendo, na yeye mwenyewe ashike kipanya na kusakinisha kitu kimoja anachokitaka, hata kama ni mchezo wa karata, ili mkono wake uizoee njia. Kisha mwahidi msaada kwa majuma manne ya mwanzo, na akikupigia simu, pokea. Naamini wengi wa hao waliokuomba uwarudishie Windows walikosa wa kumuuliza siku walipokwama, wakaona aibu kukusumbua.

Wala usimwambie kwamba kompyuta zote 500 zinazoongoza duniani kwa nguvu zinatumia Linux, ingawa ni kweli tangu Novemba 2017, au kwamba simu yake ya Android imejengwa juu ya kiini cha Linux. Yeye anataka kujua kama printa itachapa.

Swali: Kompyuta yangu ni ya mwaka 2015 na bado inafanya kazi vizuri. Ina Windows 10, nami nimeambiwa kwamba haiwezi kupokea Windows 11. Kijana mmoja anasema Linux itaiokoa. Je, ni kweli, na mafaili yangu yatakuwa salama?
*Mwenye kompyuta ya zamani*

Jibu: Ni kweli, na hapa ndipo ninapomshauri mtu ahame bila kusitasita. Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na anayejiandikisha katika mpango wa nyongeza hupata mwaka mmoja zaidi, hadi Oktoba 2026. Windows 11 kwa upande wake inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, pamoja na kichakataji kilichomo katika orodha ya Microsoft, ambayo kwa Intel huanzia takriban kizazi cha nane, yaani vichakataji vilivyoanza kutoka mwaka 2017. Kompyuta yako imeachwa nje ya orodha hiyo ilhali haina ubovu wowote, na inaniuma kuona mashine nzima ikitupwa kwa sababu ya namna hiyo. Linux Mint, kwa mfano, ambayo ni mojawapo ya aina za Linux, inataka RAM ya GB 2 kwa uchache, na GB 4 ili mtu afanye kazi kwa raha.

Hata hivyo usisakinishe leo. Chukua flashi ya GB 8 isiyo na kitu cha thamani, maana itafutwa, kisha mwombe kijana wako aiandikie Linux Mint kwa kutumia programu kama Rufus au balenaEtcher. Ukiwasha kompyuta upya na kubonyeza kitufe kinachofungua orodha ya kuwashia, ambacho mara nyingi huwa F12, F9 au Esc kutegemea mtengenezaji, utaweza kuichagua flashi hiyo, na mfumo mzima utafanya kazi kutoka humo bila kugusa diski yako. Utakwenda polepole, kwa kuwa flashi si nyepesi kama diski ya ndani, kwa hiyo usiupime kwa kasi. Upime kwa mambo haya: je, waifai inaunganika, sauti inatoka, kamera inaonyesha sura yako, mwanga wa skrini unapungua na kuongezeka, ukifunika kompyuta kisha ukaifunua, inaamka? Chomeka printa na uchapishe ukurasa mmoja. Waifai ndiyo inayosumbua zaidi, hasa kwenye kompyuta zenye vifaa vya Broadcom, ambavyo mara nyingi huhitaji kiendeshi, yaani programu ya kukiwezesha kifaa kufanya kazi, cha kuongezwa baadaye; kijana wako akijua hilo mapema, ataandaa kebo ya mtandao au simu ya kugawa intaneti siku ya kusakinisha.

Mafaili yatakuwa salama iwapo yatakuwepo mahali pengine kabla ya kazi kuanza. Usikubali neno "hayatapotea" kutoka kwa mtu yeyote, hata kutoka kwangu. Yanakili yote kwenye diski ya nje, kisha uichomeke diski hiyo kwenye kompyuta nyingine na ufungue picha kadhaa na nyaraka kadhaa ili kuhakikisha kwamba zimenakiliwa nzima. Watu hukumbuka folda ya nyaraka na kusahau vilivyomo ndani ya kivinjari: alamisho na manenosiri yaliyohifadhiwa. Tena, kompyuta nyingi zilizokuja na Windows 10 zimefungwa kwa BitLocker au usimbaji wa kifaa, yaani kufuli la Windows linalofanya diski isisomeke bila ufunguo, bila mwenyewe kujua. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft, utafute ufunguo wa urejeshaji, na uuandike kwenye karatasi kabla mtu yeyote hajagusa mipangilio ya kuwashia.

Swali: Linux zipo nyingi mno. Nimpendekezee mtu ipi?

Jibu: Moja tu, ileile unayoitumia au unayoifahamu vyema, kwa sababu wewe ndiye utakayeulizwa. Kama huna unayoipendelea, mpe Linux Mint ikiwa anatoka Windows, kwa kuwa menyu yake iko kwenye kona ya chini kushoto alikozoea kuitafuta, au Ubuntu ya matoleo ya muda mrefu, ambayo hutoka kila baada ya miaka miwili na kupata masasisho ya usalama kwa miaka mitano. Ukimtajia mtu majina kumi ya distro, yaani aina hizo za Linux, na kumwambia achague, umemkimbiza kabla hajaanza.

Swali: Ninaongoza taasisi ndogo. Bodi yetu inataka tuachane na Windows na Microsoft Office ili tuokoe gharama za leseni. Wafanyakazi wananung'unika. Tuendelee?
*Meneja*

Jibu: Ndugu Meneja, sababu ya bodi yako ni ya kweli, ila peke yake haitoshi, na ukiisimamisha kama nguzo pekee mradi utayumba mwaka wa kwanza. Fedha za leseni hazibaki zote mfukoni. Sehemu yake itakwenda kwenye mafunzo, kwenye kurekebisha nyaraka, na kwenye kumlipa mtu wa kuwasaidia wafanyakazi. Kuna sababu zilizo imara zaidi: taasisi inabaki na uwezo wa kuamua lini ibadilishe mfumo, na nyaraka zake zinahifadhiwa katika muundo wa wazi wa ODF, ambao umekuwa kiwango cha kimataifa cha ISO tangu 2006 na hauhitaji idhini ya kampuni yoyote ili kusomeka.

Mji wa Munich nchini Ujerumani ni funzo ambalo kila kiongozi katika nafasi yako anapaswa kulitazama kwa makini. Baraza la mji liliamua mwaka 2003 kuelekea Linux, uhamisho wenyewe ukaanza mwaka 2006, na kufikia 2013 kompyuta zipatazo 15,000 zilikuwa zimehama. Kisha mwaka 2017 baraza likapiga kura ya kurudi Windows. Wengine husema huo ni ushahidi kwamba Linux haifai ofisini, jambo nisiloliafiki, kwa maana mfumo ulikuwa ukifanya kazi. Malalamiko mengi yalitokana na mpangilio wa huduma za kompyuta ndani ya mji, pamoja na usumbufu wa kubadilishana nyaraka na watu wa nje waliokuwa wakitumia miundo ya Microsoft. Tena uongozi wa kisiasa uliouanzisha mradi ulikuwa umebadilika. Jimbo la Schleswig-Holstein, hukohuko Ujerumani, lilitangaza Aprili 2024 kwamba litahamisha kompyuta zipatazo 30,000, nalo limeanza na LibreOffice na barua pepe, Linux ikifuata baadaye. Ni mpangilio uleule wa Ufaransa.

Kwa taasisi yako, fanya hesabu ya majedwali ya Excel yenye makro kabla ya jambo lingine lolote. Makro ni maagizo madogo ambayo mfanyakazi fulani aliyaandika zamani ili jedwali lijikokotoe lenyewe, na mara nyingi mwandishi wake alikwisha kuondoka. LibreOffice huendesha baadhi na mengine huyakataa. Mtafute anayeyategemea, mara nyingi yumo idara ya fedha, na umwache wa mwisho kuhama, au umwachie Windows yake kabisa. Halafu anza na wanaojitolea. Mnung'unikaji akimwona jirani yake wa meza akimaliza kazi bila shida, hatahitaji waraka wako.

Swali: Mnasema msimbo wa Linux uko wazi kwa kila mtu. Je, hilo haliwarahisishii wezi?

Jibu: Linawarahisishia wezi na linawarahisishia walinzi, na uzoefu unaonyesha kwamba walinzi wanafaidika zaidi. Mwezi Machi 2024 mhandisi Andres Freund, ambaye kwa ajira yake yuko Microsoft, aligundua kwamba kuingia kwenye kompyuta yake ya majaribio kwa njia ya SSH, yaani kuingia kwenye kompyuta kupitia mtandao, kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Wengi wangelipuuza. Yeye alifuatilia hadi akafika kwenye xz, programu ndogo ya kubana mafaili, na humo akakuta mlango wa siri uliopandikizwa na mtu aliyetumia zaidi ya miaka miwili kujijengea imani miongoni mwa watunzaji wa programu hiyo. Matoleo yaliyoathirika, 5.6.0 na 5.6.1, yalikuwa yamefika kwenye distro za majaribio na yakaondolewa kabla ya kuenea kwenye zile zinazotumiwa na watu wengi.

Kisa hicho kina pande mbili, nami sitakuficha hata mmoja. Upande wa kwanza, mtu asiye na cheo chochote katika mradi ule aliweza kuingia, kusoma na kuthibitisha shaka yake, jambo ambalo lingekuwa gumu sana kama msimbo ungekuwa umefungwa. Upande wa pili, programu inayotegemewa na dunia nzima ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja anayejitolea, aliyechoka, na uchovu huo ndio mshambuliaji aliouingilia. Mtumiaji wa kawaida afanye nini? Asakinishe programu kutoka kwenye Meneja wa Programu wa distro yake, akubali masasisho yanapokuja, na asinakili amri kutoka kwenye tovuti asiyoijua.

Swali: Mimi ni mstaafu. Mjukuu wangu ameniwekea Linux na kwa kweli naipenda, lakini mara kwa mara hufungua dirisha jeusi na kuandika maneno nisiyoyaelewa. Je, nitalazimika kujifunza hayo?

Jibu: Shikamoo, mzee wangu. Hutalazimika. Dirisha hilo huitwa terminali, na vijana hulipenda kwa sababu amri moja humaliza kazi ambayo ingehitaji kubofya mara nyingi. Kazi zako zote, yaani kusoma barua pepe, kuandika, kuchapisha, kutazama picha, hata kusasisha mfumo, zina vitufe vyake. Mwambie mjukuu wako, kwa heshima ya babu, kwamba akifanya jambo kwenye terminali akuonyeshe pia njia ya vitufe. Ikitokea siku moja akakuelekeza kwa simu uandike nenosiri humo ndani, usishtuke herufi zisipoonekana, wala hata nukta, kama ilivyo kwenye distro nyingi. Andika hadi mwisho kisha ubonyeze Enter. Hivyo ndivyo ilivyokusudiwa.

Swali: Mume wangu amehamia Linux na sasa anataka kuibadilisha kompyuta ya nyumbani tunayoitumia sote. Mimi naingiza kipato kwa usanifu wa picha, na kazi zangu zote ziko kwenye Photoshop. Anasema GIMP inatosha. Nimkubalie?

Jibu: Hapana, dada yangu, usikubali kwa sasa, na mumeo asilichukulie kama kupingwa. Adobe haitoi Photoshop kwa ajili ya Linux. GIMP ni programu nzuri, na toleo lake la 3.0 lililotoka Machi 2025 limepiga hatua kubwa, lakini faili la PSD, yaani la Photoshop, lenye tabaka nyingi na madoido yake linaweza kufunguka humo likiwa limepoteza baadhi ya vitu, na mteja wako anayengojea kazi kesho hatajali sababu. Anayeishi kwa programu fulani hahamishwi mpaka awe na programu nyingine aliyoijaribu kwa kazi halisi na ikamridhisha. Krita na Inkscape, programu huria za kuchora, zote zinasakinishika kwenye Windows. Zijaribu kwa kazi zako binafsi, bila tarehe ya mwisho, uone.

Kama mumeo anaihitaji Linux kwenye mashine hiyohiyo, mifumo miwili inaweza kukaa pamoja na kila mmoja akachagua wake wakati wa kuwasha. Masharti ni matatu. Kazi zako zote ziwe na nakala kwenye diski ya nje kabla hajagusa chochote. Ufunguo wa BitLocker uwe umeandikwa, kama nilivyomweleza mwenye kompyuta ya zamani. Na ndani ya Windows azime kipengele kiitwacho Fast Startup, kwa kuwa kikiwa kimewashwa Windows haizimiki kikamilifu, na Linux ikiikuta sehemu ya diski ya Windows katika hali hiyo huweza kukataa kuandika humo, au ikiandika kwa nguvu ikaharibu mafaili. Ikiwa diski yenyewe ni ndogo, ni afadhali ainunulie Linux yake diski ya SSD ya pembeni na kuiacha hii yako kama ilivyo.